Kabla ya Kufungulia Dizeli, Ipe Pikapu Hewa Yake

Pikapu inayopanda mlima wa Kitonga huku ikiacha wingu jeusi nyuma yake haina nguvu kuliko ile inayopanda bila moshi. Weusi ule ni dizeli iliyolipiwa sheli, ikapita kwenye pampu na nozeli, ikakosa hewa ya kuungulia, ikatoka nje ikiwa masizi. Mwenye gari amenunua nguvu ambayo haikupatikana. Lakini katika gereji nyingi kuanzia Ilala hadi Mafinga, moshi huo huhesabiwa kuwa ushahidi kwamba kazi imefanyika. Fundi amefungulia pampu, gari limeanza kuvuta, mteja karidhika na hela imetoka. Naipinga desturi hiyo kwa nguvu zangu zote, kwa sababu nimeona imeua injini nyingi zilizokuwa na miaka mingi ya kazi mbele yake.

Sina ugomvi na mtu anayetaka kuongeza uwezo wa gari lake kwa mikono yake. Mfanyabiashara wa nyanya wa Ilula au wa vitunguu wa Ruaha Mbuyuni hawezi kuambiwa anunue Hilux mpya kila ile aliyonayo inapolegea mlimani. Gari lake ni la zamani, njia yake ni ya milima na vumbi, na mzigo wake unaoza. Anayo haki ya kulifanya livute zaidi, na kazi nyingi za kulifikisha hapo anaweza kuzifanya mwenyewe uani, akiwa na spana za kawaida na siku moja ya mapumziko. Ninachodai ni mpangilio: hewa ishughulikiwe kwanza, dizeli ifuate, na kila hatua ipimwe kabla ya kuingia inayofuata.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu mabishano ya gereji hayaishi. Injini ya 3L, iliyobeba Hilux nyingi za kazi hapa nchini, ina ujazo wa sentimita za ujazo 2,779. Ni injini ya mipigo minne, hivyo kila silinda huvuta hewa mara moja katika kila mizunguko miwili ya krankshafti. Ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ilitakiwa kuvuta zaidi ya lita 4,000 za hewa kila dakika. Ukitoa kinachopotea kwenye mabomba na valvu, inabaki kama lita 3,500. Kwa saa moja ya mwendo huo ni zaidi ya lita laki mbili. Sasa tazama upande wa dizeli. Kilo moja yake inahitaji takriban kilo 14.5 za hewa ili iungue yote, maana yake kila lita unayojaza sheli inadai zaidi ya lita 10,000 za hewa. Na hicho ni kiwango cha chini kabisa cha kwenye karatasi. Dizeli hunyunyizwa mwishoni mwa mgandamizo, haipati muda wa kuchanganyika vizuri, kwa hiyo injini inahitaji hewa ya ziada juu ya hapo. Ndiyo sababu moshi huanza mapema, wakati bado kuna hewa ndani ya silinda ambayo haijakutana na tone la dizeli.

Anayeongeza dizeli bila kuangalia hewa anafanana na mtu anayejaza mkaa kwenye jiko ambalo kidirisha chake cha chini kimezibwa na majivu.

Kisha kuna mwinuko. Mji wa Iringa uko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, Mbeya kama 1,700, na Njombe unakaribia 2,000. Kwenye mita 1,600 uzito wa hewa katika kila lita umepungua kwa karibu sehemu moja ya saba ukilinganisha na Dar es Salaam. Injini isiyo na turbo haina namna ya kufidia upungufu huo. Inavuta lita zile zile, ila zina hewa kidogo ndani yake. Sasa fikiria pampu iliyorekebishwa Buguruni hadi kwenye ukingo wa moshi. Kama haina kifaa cha kufidia mwinuko, itaendelea kumwaga kipimo kile kile cha dizeli Makambako, ambako hewa ya kukiunguza haipo. Dereva ataona moshi, ataona gari zito, na mara nyingi atamwambia fundi wa huko aongeze tena. Hapo injini imeshaanza safari ya kwenda kufanyiwa oveholi.

Ndiyo maana kazi ya kwanza ya mwenye pikapu ni kwenda kwenye sanduku la filta ya hewa. Nasema sanduku, kwa sababu filta yenyewe ni sehemu tu ya habari. Angalia vibanio vyake kama vinabana pande zote, angalia mpira wa ukingo wa filta kama haujakakamaa, kisha fuata bomba linalotoka hapo hadi kwenye manifoldi. Bomba hilo ni la mpira, nalo hupasuka kwenye mikunjo ya chini ambako jicho halifiki. Ufa mdogo ukiwa nyuma ya filta, injini inavuta hewa isiyochujwa. Vumbi la barabara zetu za changarawe lina chembe za mchanga ambazo ni ngumu kuliko chuma cha kawaida, na zikishaingia kwenye silinda zinasaga ringi na kuta taratibu, mgandamizo unashuka, na gari linakosa nguvu kwa sababu ambayo pampu haihusiki nayo. Jaribio lake ni rahisi: fungua bomba upande wa injini, pitisha kitambaa cheupe ndani, kitazame. Kikitoka na vumbi la rangi ya njia unayopita, usiguse kitu kingine chochote mpaka umeziba njia hiyo.

Kuna mazoea mengine yanayoniudhi, nayo ni ya kupuliza filta ya karatasi kwa kompresa ya kujazia matairi. Upepo ule una nguvu mno. Karatasi inachanika kwa matundu madogo ambayo huwezi kuyaona hadi uweke taa ndani ya filta gizani, na baada ya hapo filta inaonekana safi kumbe imeacha kuchuja. Ukilazimika kupuliza, punguza upepo usizidi takriban bar 2, shika mdomo wa bomba mbali, na upulize kutoka ndani kwenda nje. Kuosha filta ya karatasi kwa petroli au sabuni ni kuiharibu. Na jambo ambalo wengi hawalijui: filta yenye vumbi kidogo huchuja vizuri kuliko mpya kabisa, kwa kuwa vumbi la kwanza linasaidia kuziba vinyweleo vikubwa. Kuifungua kila wiki kwa ajili ya kuipuliza hakuna faida, na kila ukiifungua unaalika vumbi lidondoke upande wa ndani.

Utajuaje basi kama filta imeziba kweli? Utapima, na kipimo chake hakihitaji duka la vifaa. Tafuta mpira wa levo, ule mwembamba unaoonyesha maji ambao waashi huutumia kusawazisha msingi. Ukunje uwe na umbo la U, uufunge kwenye ubao mrefu uliosimama, kila upande uwe na zaidi ya mita moja juu ya maji ili yasije yakavutwa kuingia kwenye injini. Weka maji kidogo yenye rangi. Ncha moja iache wazi, nyingine iunganishe na bomba la hewa kati ya filta na injini. Washa gari, likanyage hadi mizunguko ya juu likiwa limesimama, kisha soma tofauti ya kimo cha maji kati ya pande mbili. Kwa injini ya dizeli isiyo na turbo, kipimo hicho cha gari lililosimama kinatosha, kwa kuwa hewa inayovutwa hutegemea mizunguko na wala si mzigo. Kwenye injini nyingi za dizeli kikomo cha kubadilisha filta huwekwa kati ya sentimita 50 na 65 za maji. Gari dogo lenye mfumo mzima linatakiwa lisome chini ya hapo kwa mbali. Rudia na filta mpya. Maji yakibaki yamepanda vile vile, mwizi hayuko kwenye filta. Angalia bomba lililobonyea, tambara lililosahaulika ndani, au kiota cha panya kwenye mdomo wa kuvutia hewa. Vyote hivyo hutokea, hasa kwa gari lililokaa shamba muda mrefu.

Kipimo hiki kinagharimu kipande cha mpira na ndoo ya maji. Sijui sababu yoyote ya gereji kukosa kuwa nacho.

Vijana wengi wanapenda ile filta ya wazi yenye umbo la pia, inayofungwa chini ya boneti baada ya kutupa sanduku la asili. Sauti yake inavutia, nakubali. Lakini hewa iliyo chini ya boneti imechomwa na rediata na eksozi. Hewa ya nyuzi 60 ina uzito pungufu kwa karibu asilimia 9 kuliko ya nyuzi 30, kwa hiyo unaondoa kizuizi kidogo cha bomba na kuweka hasara kubwa ya joto. Filta za pamba zinazopakwa oili zina tatizo jingine: oili ikizidi hurushwa hadi kwenye sensa ya hewa ya injini za kisasa, na sensa iliyochafuka huipa kompyuta hesabu za uongo. Ukitaka hewa nyingi zaidi, libakize sanduku, hakikisha mdomo wake unavuta kutoka nje ya chumba cha injini, nyuma ya taa au pembeni mwa bodi, na kinga njia hiyo isipate mvuke wa rediata.

Bomba linalopanda hadi usawa wa paa nalo lina watetezi. Mimi ni mmoja wao, ila kwa sababu ya vumbi na maji. Kwenye msafara wa barabara ya vumbi, hewa ya juu ya paa ni safi kuliko ile ya usawa wa tairi, na filta hukaa muda mrefu. Anayekuuzia bomba hilo kwa ahadi kwamba upepo wa mbele utaisukuma hewa ndani ya injini anakudanganya. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, upepo unaongeza mgandamizo wa kama tatu kwa elfu tu. Hakuna dereva anayeweza kuhisi hilo mguuni.

Eksozi sitaikalia muda mrefu. Kwenye injini isiyo na turbo, kutoboa au kuondoa kizuia sauti huleta kelele nyingi na nguvu kidogo. Kwenye yenye turbo, bomba pana lililopindwa vizuri lina faida ya kweli, kwa sababu gesi zinazotoka kwa wepesi huizungusha turbo mapema. Bomba lililobonyezwa na jiwe lirekebishwe, basi.

Hewa ikishakamilika, ndipo uje kwenye dizeli, na hapo pia anza kwa kurudisha kilichopotea. Badilisha filta ya dizeli, toa maji kwenye chombo chake, kagua mipira ya kutoka tangini kama haivuti upepo. Toa nozeli uzipeleke kwa fundi pampu mwenye mashine ya kupimia, uangalie mwenyewe zinavyorusha. Nozeli nzima hurusha ukungu. Iliyochoka hutoa mchirizi au kudondosha matone, na tone moja kubwa huungua vibaya hata kama hewa imejaa. Kisha taimingi ya pampu ipimwe kwa geji, sio kwa sikio. Mara nyingi gari lililofika gereji likilalamikiwa kwamba halina nguvu huondoka limepona hapa hapa, kabla skrubu haijaguswa.

Chanzo cha dizeli nacho kina uzito. Pampu za aina hii hulainishwa na dizeli inayopita ndani yake. Dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa hulainisha kidogo na hula vyuma vya pampu pole pole. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu uchakachuaji ulikuwa umeota mizizi, na mwenye gari anayenunua dizeli ya madumu kando ya barabara kwa bei ya chini anajitoa kwenye ulinzi huo kwa hiari yake.

Sasa skrubu yenyewe. Pampu za mzunguko za injini kama 2L na 3L zina skrubu ya kipimo cha juu cha dizeli, iliyofungwa na kupigwa muhuri kiwandani. Kuigeuza kidogo tu kunabadilisha mengi. Wakati gari linapandisha mlima likiwa na mzigo, dizeli ya ziada isiyo na hewa ya kutosha huendelea kuungua ikiwa imechelewa, na joto linaingia kwenye valvu, hedi na kichwa cha pistoni. Aluminiamu safi huyeyuka kwenye nyuzi 660. Ile ya pistoni, iliyochanganywa na silikoni, huanza kuyeyuka chini ya hapo. Pistoni inaokolewa na oili inayoipooza na ule muda mfupi wa hewa baridi kuingia kila mzunguko. Ukiuzidisha moto, kinga hiyo inashindwa. Fundi yeyote aliyezoea injini hizi anazijua hedi zilizopasuka kati ya valvu. Wengi huilaumu rediata. Rediata inastahili lawama mara nyingine, lakini uliza pampu ilifunguliwa lini.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: skrubu isiguswe kwenye gari lisilo na geji ya joto la gesi za eksozi. Ni kifaa kidogo, sensa yake huingizwa kwenye tundu la manifoldi ya kutolea moshi, na mshale wake hukaa mbele ya dereva. Mafundi wengi wa dizeli huchukua takriban nyuzi 700 kabla ya turbo kuwa mwisho wa kazi ya muda mrefu. Ukiwa na geji hiyo unaweza kuongeza dizeli robo ya robo, ukapanda mlima na mzigo wako wa kawaida, ukasoma, ukaamua. Ukiwa huna, unabahatisha kwa injini ya mtu ambaye ada za shule za watoto wake zinatoka kwenye kazi za gari hilo.

Turbo ndiyo njia sahihi ya kuongeza hewa nyingi, na wazo lake ni la zamani. Mswisi Alfred Büchi alipata hataza yake mwaka 1905. Lakini Toyota ilipotengeneza 2L-T haikubandika turbo juu ya 2L na kuiacha ilivyo. Ilipunguza mgandamizo na kuibadili injini ihimili joto na shinikizo jipya. Anayefunga turbo ya mtumba kwenye 3L yenye mgandamizo wa zaidi ya 22 kwa 1 anatakiwa akae kwenye shinikizo dogo mno, aipe njia nzuri ya oili, na aipumzishe injini kabla ya kuzima. Nimeona waliofanikiwa kwa nidhamu hiyo. Waliofunga turbo na kufungulia pampu siku hiyo hiyo, sijaona gari lao likidumu.

Kwenye injini za kisasa kama 1KD skrubu haipo, na badala yake vinauzwa vijisanduku vya kuchomeka kwenye waya. Vingi huidanganya kompyuta kwamba mgandamizo wa dizeli uko chini, nayo inaupandisha. Nozeli za mfumo huo hufanya kazi kwenye mgandamizo wa zaidi ya bar 1,000 na ni ghali mno. Kabla ya kununua kijisanduku, badilisha zile washa za shaba zilizo chini ya nozeli. Zikivujisha, masizi huingia kwenye oili na kuziba chujio la pampu ya oili, na injini inakufa ghafla barabarani.

Wapo watakaosema kwamba mteja ndiye anayelazimisha. Ni kweli, na fundi wa pembeni mwa barabara hawezi kukataa kazi kwa urahisi. Lakini mteja huyo huyo amepakia tani mbili kwenye pikapu ya tani moja, kisha anataka injini ilipie. Fundi mwenye kipimo mkononi ana la kumwonyesha. Asiye na kipimo ana maneno tu, na maneno hayamshindi mtu mwenye haraka. Ningependa kuona kila kijana anayemaliza umakanika kwenye chuo cha ufundi cha VETA akiondoka anajua kutumia mpira wa maji na geji ya joto kama anavyojua kutumia spana.

Na moshi huo hauishii kwa mwenye gari. Mwaka 2012 IARC, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, iliweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zimeshusha kiwango cha salfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni, hatua iliyogharimu fedha na mabishano mengi. Pampu moja iliyofunguliwa ovyo inawarudishia masizi watoto wanaotembea kando ya barabara kwenda shule.

Mwenye pikapu, Jumamosi hii fungua sanduku la filta, pitisha kitambaa cheupe, pima kwa maji. Fundi akikuambia anataka kufungulia dizeli, mwombe akuonyeshe geji atakayoisoma mkiwa mlimani. Kama hana, funga boneti utafute mwingine.